Mizani ya Kitenzi cha Kifaransa katika Sikio la Mswahili: Hoja kutoka Uwanda wa Kati

1.0 Utangulizi

Mkulima wa zabibu wa Hombolo au wa Mpunguzi, katika viunga vya Dodoma, hutumia neno lenye asili ya Kifaransa kila anapotaja kinywaji kinachotokana na zao lake. Neno divai huelezwa na wanaisimu kuwa limetokana na maneno mawili ya Kifaransa, du vin. Katika kinywa cha Mfaransa maneno hayo yana silabi mbili tu, na irabu ya silabi ya pili hupitia puani. Katika kinywa cha Mswahili neno ni moja, silabi ni tatu, di-va-i, zote zinaishia kwa irabu, na mkazo umetua mahali pake pa kawaida, yaani silabi ya pili kutoka mwisho. Irabu ya du, ambayo Kiswahili hakina, imekuwa i. Irabu ya puani imepasuliwa ikawa irabu mbili. Hakuna mwalimu aliyesimamia kazi hiyo. Sikio la Mswahili lilipima kwa mizani yake lenyewe, likagawa upya, nayo matokeo yakawa neno halali la Kiswahili.

Nomino ya mkopo ina haki ya kutendewa hivyo. Kitenzi kinachosemwa na mwanafunzi wa Kifaransa hakina haki hiyo, kwa kuwa mwanafunzi hakopi neno bali anaingia katika mfumo. Silabi moja ikizidi au ikipungua katika kitenzi cha Kifaransa, nafsi huweza kubadilika, njeo huweza kupotea, na msikilizaji akabaki hajui ni nani aliyetenda na lini.

Makala haya yanatoa hoja moja. Umbo la kitenzi cha Kifaransa lifundishwe kwa wazungumzaji wa Kiswahili likiwa kwanza fungu la silabi zinazosikika, na vyombo vya kulieleza vichukuliwe kutoka katika sarufi na ushairi wa Kiswahili wenyewe: viambishi awali, kanuni ya mkazo, na mizani. Njia iliyozoeleka, ya kumpa mwanafunzi jedwali la maandishi na kumfafanulia kwa Kiingereza, inampitisha katika lugha ya tatu ambayo haifanani na yake wala na ile anayoitafuta. Mifano imechukuliwa katika mazingira ya Dodoma na uwanda wa kati kwa sababu maalumu: hapo wanafunzi hufika darasani wakiwa tayari na lugha mbili au zaidi, na utajiri huo haujatumiwa ipasavyo.

Katika mifano, matamshi ya Kifaransa yameonyeshwa kwa herufi zilizo karibu na za Kiswahili. Mstari mfupi hutenga silabi; alama ~ juu ya irabu huonyesha kuwa irabu ni ya puani; ü ni irabu ya neno tu; è ni e pana; ə ni irabu dhaifu inayoelekea kufifia; na zh ni sh yenye mghuno.

2.0 Kinachoandikwa na kinachosemwa

Kitenzi cha Kiswahili husema chote kinachoandikwa. Katika umbo wanasema silabi ni nne, wa-na-se-ma. Silabi ya kwanza inataja nafsi na idadi, ya pili inataja njeo, mbili za mwisho zinabeba mzizi na kiishio. Ukiifuta silabi moja umefuta sehemu ya maana. Mtoto wa Kigogo anayejifunza kusoma kwa Kiswahili haoni jambo geni hapa, kwa sababu Cigogo nacho, kama lugha nyingine za Kibantu, hupanga viambishi vya nafsi mbele ya mzizi na hutamka irabu zake. Kwa hiyo mwanafunzi wa uwanda wa kati hufika katika darasa la Kifaransa akiwa na imani ambayo lugha zake zimeithibitisha kila siku, kwamba kilichoandikwa kinasemwa.

Kifaransa kinaivunja imani hiyo katika somo la kwanza kabisa. Tuchukue kitenzi parler, yaani sema, katika wakati uliopo:

(1) je parle: zhə-parl (silabi 2)
tu parles: tü-parl (silabi 2)
il parle: il-parl (silabi 2)
nous parlons: nu-par-lõ (silabi 3)
vous parlez: vu-par-le (silabi 3)
ils parlent: il-parl (silabi 2)

Maandishi yana viishio vitano tofauti: -e, -es, -ons, -ez, -ent. Sikio linapokea sauti tatu tu: parl, par-lõ na par-le. Nafsi nne kati ya sita zinatumia sauti ile ile, nao umoja wa il parle na wingi wa ils parlent havitofautiani hata kidogo. Katika wakati uliopita wa kuendelea hali ni hiyo hiyo: parlais, parlais, parlait na parlaient zote hutamkwa par-lè.

Mwanafunzi aliyefundishwa kwa jedwali hukariri maandishi hayo kwa bidii, na bidii yake ndiyo inayomponza. Akikutana na parlent husoma herufi zote; na kwa kuwa Kiswahili hakipendi konsonanti kuning'inia mwishoni mwa neno, huongeza irabu, akapata pa-ri-le-nti. Silabi moja ya Kifaransa imezaa silabi nne. Tena mkazo ameuweka katika silabi ya pili kutoka mwisho, ambako Kiswahili huuweka, ilhali Kifaransa huuweka katika silabi ya mwisho inayosikika ya fungu zima. Kosa hili si la uvivu wala si dalili ya kukosa kipaji cha lugha. Ni utii kwa kanuni ambayo hakuna aliyemwambia kuwa imekoma kutumika.

3.0 Mahali nafsi inapokaa

Ikiwa viishio vingi havisikiki, Mfaransa anajuaje nani anatenda? Jibu liko mbele ya kitenzi, mahali ambapo Mswahili amezoea kutazama.

Sarufi za shule huyaita je, tu, il na ils viwakilishi, na mwanafunzi anayeelezwa kwa Kiingereza huyalinganisha na maneno huru ya lugha hiyo. Ulinganisho huo unapotosha. Neno je haliwezi kusimama peke yake. Akiulizwa swali la nani, Mfaransa hajibu je, hujibu moi. Kadhalika Mswahili hajibu ni-, hujibu mimi. Je hutangulia kitenzi, hupoteza irabu yake mbele ya irabu nyingine, na kati yake na kitenzi hapaingii chochote isipokuwa vipashio vidogo vya aina yake. Kwa tabia zake za kimatamshi je iko karibu zaidi na kiambishi ni- kuliko na neno mimi, nayo moi ndiyo mimi ya Kifaransa. Tulinganishe:

(2) ni-na-ku-pe-nda
je t'aime: zhə-tèm

Mtenda yuko mbele, mtendwa anafuata, mzizi uko mwisho. Mpangilio huo Mswahili anao tangu utotoni. Kinachomsumbua ni kwamba Kifaransa kimeuandika kana kwamba ni maneno matatu yaliyotengana, ilhali kinautamka kama fungu moja ambamo mpaka wa silabi haujali mpaka wa neno. Konsonanti t, iliyo ya neno la pili, imekuwa mwanzo wa silabi ya kitenzi.

Jambo hili la konsonanti kuhamia silabi inayofuata ndilo ufunguo wa wingi katika vitenzi vinavyoanza kwa irabu. Barabara kuu inayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo hupitia Dodoma na Singida, nayo reli ya kati hupitia Dodoma ikielekea Kigoma. Dereva wa lori aliyefika mpakani anaweza kumsikia karani akisema moja kati ya tungo hizi mbili:

(3) il attend: i-la-tã (anangoja)
ils attendent: il-za-tãd (wanangoja)

Tofauti kati ya mtu mmoja na watu wengi imebebwa na sauti mbili. Ya kwanza ni z, ambayo ni s ya ils iliyoamka kwa sababu irabu inafuata. Hii ndiyo sauti ya kiungo. Ya pili ni d ya mzizi, ambayo katika umoja imelala na katika wingi inasikika. Kiishio -ent, ambacho mwanafunzi alikikariri kuwa ndicho alama ya wingi, hakina sauti yake yenyewe. Mwanafunzi anayekisubiri kiishio hicho atasubiri bure.

Tofauti ya a- na wa- katika anangoja na wanangoja humfundisha Mswahili kuusikiliza mwanzo wa kitenzi. Akiambiwa kwamba z ya il-za-tãd inafanya kazi inayokaribia ile ya w katika wanangoja, atajua asikilize wapi. Akiongezewa kwamba kundi kubwa la vitenzi huamsha konsonanti ya mzizi katika wingi, kama fi-ni na fi-nis katika il finit na ils finissent, au vã na vãd katika il vend na ils vendent, atakuwa amepata kanuni ya kusikia. Hapo maandishi yatakuja baadaye, yakiwa na mahali pa kutua.

4.0 Silabi dhaifu: somo la kula

Wapo watakaosema kwamba mabadiliko ya mzizi katika vitenzi kama acheter, yaani nunua, na appeler, yaani ita, ni mambo ya kukariri tu: acheter lakini j'achète, appeler lakini j'appelle, jeter lakini je jette. Vitabu huyaorodhesha chini ya kichwa cha hitilafu. Ukweli ni kwamba yanatii kanuni ya silabi, na kanuni inayofanana nayo Mswahili huitumia kila anapoketi kula.

Vitenzi vya Kiswahili vyenye mzizi wa silabi moja, kama -la, -fa na -nywa, vina tabia inayojulikana. Husemwa anakula, si anala. Kiambishi ku-, ambacho hakiongezi maana yoyote hapo, kimebaki kwa sababu ya mkazo. Mkazo hutua katika silabi ya pili kutoka mwisho. Bila ku- ungeangukia -na-, na -na- haiwezi kuubeba. Panapokuwepo kiambishi kinachoweza kuubeba, ku- huondoka: akila, hula, anakila chakula chake. Umbo la kitenzi limeamuliwa na swali moja: sauti ikitua hapa, je, silabi hii itahimili?

Kifaransa huuliza swali hilo hilo. Mkazo wake hutua katika silabi ya mwisho inayosikika. Katika nous achetons, yaani nu-zash-tõ, sauti inatua juu ya -tõ, na irabu dhaifu ya kati inaweza kufifia bila madhara. Lakini katika j'achète kiishio hakisikiki, hivyo sauti inalazimika kutua juu ya mzizi, na irabu dhaifu ə haiwezi kuhimili. Hugeuka kuwa è: zha-shèt. Ndivyo ilivyo kwa zha-pèl, yaani j'appelle, dhidi ya nu-za-plõ, yaani nous appelons. Alama juu ya e katika achète na konsonanti iliyorudiwa katika appelle ni njia mbili za kuandika jambo moja.

Kanuni hiyo huendelea hadi wakati ujao. Katika nous achèterons, yaani nu-za-shè-trõ, mkazo uko mwisho, lakini irabu inayofuata mzizi ni dhaifu na hufifia, kwa hiyo mzizi haukubaliwi kuwa dhaifu nao. Wafaransa wenyewe walilazimika kurekebisha maandishi yao kwa ajili ya jambo hili. Marekebisho ya tahajia yaliyochapishwa katika gazeti rasmi la serikali ya Ufaransa tarehe 6 Desemba 1990 yaliruhusu kuandika je cèderai badala ya je céderai, kwa kuwa matamshi yalikuwa yamekwisha kutii silabi ilhali maandishi yalikuwa yamebaki nyuma.

Mwanafunzi anayeelewa kwa nini husemwa anakula hahitaji kukariri hitilafu hizo moja moja. Anahitaji mwalimu wa kumwonyesha kuwa tayari anaijua kanuni iliyo jirani nayo.

5.0 Mizani kama chombo cha darasani

Tofauti kubwa kati ya lugha hizi mbili inahusu kinachotokea irabu inapodondoka. Katika Cigogo mtu huitwa munhu, mu-nhu, silabi mbili. Kiswahili kimedondosha irabu ya kiambishi hicho, kikapata mtu. Lakini silabi haikufa. Nazali imeirithi, m-tu, mizani zimebaki mbili, na mkazo umetua juu ya nazali yenyewe. Katika Kifaransa irabu dhaifu ikidondoka silabi yake huondoka nayo, na konsonanti iliyobaki hujiunga na jirani. Je le vois, yaani namwona, ina silabi tatu katika usemaji wa polepole, zhə-lə-vwa, na mbili katika usemaji wa kawaida, zhəl-vwa. Kiswahili hurithisha silabi, Kifaransa huifuta. Sentensi hiyo moja, ikifafanuliwa mapema, ingemwepushia mwanafunzi miezi ya kusoma kwa kubahatisha.

Chombo cha kuifafanulia kipo. Kila mwanafunzi aliyepitia shule ya Tanzania amekutana na ushairi wa kimapokeo na amefundishwa kuhesabu mizani. Kaluta Amri Abedi aliziweka kanuni hizo kitabuni mwaka 1954. Uwanda wa kati una mfano wake wa heshima. Mathias Mnyampala (1917–1969), mwenyeji wa Ihumwa karibu na Dodoma, aliyeandika pia historia na desturi za Wagogo, alikuwa Mgogo ambaye Kiswahili hakikuwa lugha yake ya kwanza. Hata hivyo alizitawala mizani za Kiswahili kiasi cha kuwa miongoni mwa washairi wakubwa wa taifa, na jina lake halitenganishwi na ngonjera. Alichokifanya ni kile kile kinachotakiwa kwa mwanafunzi wa leo: kuhama kutoka hesabu ya silabi ya lugha moja na kuingia katika hesabu ya nyingine bila kuzichanganya.

Mizani zina faida nyingine. Zinamfundisha mtu kuona tofauti kati ya irabu kamili na kiyeyusho. Mshairi wa Kiswahili anajua kwamba viazi ina mizani tatu, vi-a-zi, na vyama ina mbili, vya-ma. Kwamba miaka ni tatu na mwaka ni mbili. Tofauti hiyo hiyo ndiyo inayotenga maumbo haya:

(4) nous parlions: nu-par-lyõ (silabi 3)
nous entrions: nu-zã-tri-yõ (silabi 4)

Kiishio -ions ni kimoja katika maandishi. Baada ya konsonanti moja ya mwanzo wa silabi, i yake ni kiyeyusho kama y ya vyama. Baada ya tr, mkusanyiko hauwezi kubeba kiyeyusho tena, na i hurudi kuwa irabu kamili kama i ya viazi. Mwalimu anayewaambia wanafunzi wapige kofi kwa kila mizani ya (3) na (4) atakuwa amefundisha kwa dakika tano jambo ambalo jedwali haliwezi kulionyesha.

Zaidi ya hayo, ushairi wa Kifaransa wa kale wenyewe huhesabu silabi. Mshororo wake mkuu una silabi 12, zilizokatwa sita kwa sita, kama vile mshororo wa shairi letu la kawaida ulivyo na mizani 16, nane kwa nane. Katika hesabu hiyo e dhaifu iliyofuatwa na konsonanti ndani ya mshororo hupewa silabi yake: ils parlent bas huhesabiwa nne, il-par-lə-ba, ingawa katika mazungumzo ni tatu, il-parl-ba. Mwanafunzi wa fasihi aliyelelewa katika mizani ataona hapo kwamba silabi zilizofutwa na usemaji zimehifadhiwa na ushairi, na kwamba maandishi yanayomtatanisha ni kumbukumbu ya matamshi ya zamani.

6.0 Pingamizi na majibu yake

Pingamizi la kwanza ni kwamba mizani huweza kumpotosha mwanafunzi, kwa kuwa amezoea kuhesabu kila irabu iliyoandikwa. Pingamizi hili ni la haki iwapo mizani zitahesabiwa kutoka kwenye maandishi. Linapoteza nguvu pale zinapohesabiwa kwa sikio. Utaratibu unaopendekezwa ni kusikia kwanza, kuhesabu pili, kuandika tatu. Mwanafunzi akishajua kuwa fungu lina silabi mbili, ataisoma parlent akitafuta mbili, na hatapata nafasi ya kuingizia -nti.

Pingamizi la pili ni kwamba mitihani hupima maandishi, hivyo jedwali haliepukiki. Hakuna anayependekeza jedwali litupwe. Linalopendekezwa ni lije baada ya silabi, na lipangwe upya kufuata sauti: maumbo yanayosikika sawa yawekwe pamoja, yenye silabi ya ziada yawekwe pamoja. Mwanafunzi atagundua kwamba viishio -ons na -ez, ambavyo vinasikika, ndivyo vya kujifunza kwa mdomo, na kwamba -es na -ent ni vya kalamu. Mtahiniwa wa aina hiyo hatapungukiwa na alama, na atakuwa na jambo la ziada la kumsaidia siku atakapozungumza na mtu badala ya karatasi.

Pingamizi la tatu ni kwamba wanafunzi wa uwanda wa kati hawana lugha ya kwanza moja, hivyo kulinganisha na Kiswahili hakuwezi kuwafaa wote. Ni kweli kwamba hawafanani. Kirangi cha Kondoa kina irabu saba, si tano. Kisandawe, lugha ya vidoko inayozungumzwa Chemba, kina irabu za puani. Kiburunge na Kialagwa ni lugha za Kikushi. Hata hivyo jambo hili linaitia nguvu hoja ya makala haya. Msandawe hahitaji kuanza moja kufundishwa kwamba irabu inaweza kupitia puani. Mrangi amezoea kwamba kati ya i na e, na kati ya u na o, huweza kukaa irabu nyingine yenye kazi yake, hivyo hatashangaa kwamba Kifaransa kinatenganisha é na è. Kwa msemaji wa Cigogo au wa Kiswahili pekee, mwenye irabu tano, kazi hiyo ni ngumu zaidi, naye asaidiwe kwa kuonyeshwa kuwa je parlais na j'ai parlé hutengana kwanza mbele, zhə dhidi ya zhe, kabla ya kutengana mwishoni. Kiswahili ndicho ukumbi ambamo lugha zote hizo hukutana na kusaidiana. Kiingereza hakina ujirani nazo.

Pingamizi la nne, na lililo zito zaidi, husema kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha kueleza fonolojia ya lugha nyingine. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Isimu na Lugha mwaka 1990. Silabi, kiyeyusho, nazali, mkazo, kiambishi: kila dhana iliyohitajika katika makala haya imepata jina au maelezo mafupi. Na jambo hili lina upande wake wa pili. Padre Charles Sacleux, Mfaransa aliyefanya kazi Zanzibar na Bagamoyo, alitumia Kifaransa kueleza lahaja za Kiswahili katika sarufi yake ya mwaka 1909 na kamusi yake kubwa iliyotoka kuanzia 1939. Margaret Dunham alikieleza Kirangi kwa Kifaransa mwaka 2005. Kifaransa kimekuwa chombo cha kueleza lugha zetu kwa zaidi ya karne moja. Kiswahili kukieleza Kifaransa bado huonekana kama jambo la kuombewa ruhusa.

7.0 Hitimisho

Mwezi Februari 2021 mkutano wa wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ulikubali Kiswahili na Kifaransa viwe lugha rasmi za Jumuiya pamoja na Kiingereza, na mwaka 2022 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga. Dodoma, ambayo uamuzi wa kuifanya makao makuu ulifanywa mwaka 1973 na ambako serikali ilihamia kwa kasi kuanzia 2016, itazidi kuhitaji watu wanaosikia Kifaransa kwa usahihi: makarani, wakalimani, walimu, madereva. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kina walimu wa Kiswahili na walimu wa Kifaransa katika eneo moja. Ni wajibu wa pande hizo mbili kuketi pamoja na kuandaa mwongozo mfupi wa silabi za kitenzi cha Kifaransa, ulioandikwa kwa Kiswahili, wenye mifano ya kusikiliza kabla ya mifano ya kusoma. Wanafunzi wa uzamili nao wanayo mada iliyo tayari: kurekodi jinsi wasemaji wa Cigogo, Kirangi na Kisandawe wanavyogawa silabi za vitenzi hivyo, ili mahali pa hoja zilizotolewa hapa pachukuliwe na ushahidi.

Hadi kazi hiyo ifanyike, mwanafunzi atakayesimama darasani na kusoma pa-ri-le-nti ataendelea kusahihishwa kana kwamba amekosa sikio. Sikio analo. Ni lile lile lililoigeuza du vin kuwa divai bila kuomba msaada wa mtu. Lilichokosa ni kuambiwa, kwa lugha linayoielewa, kwamba safari hii mizani ni za mwenzake.